Kabla ya kuwaahidi watoto Kunduchi, mpime aliye mdogo kuliko wote

Likizo ya Juni ikikaribia, nyumba nyingi za Tabora husikia ombi moja. Mtoto ameona kwenye simu ya shangazi yake video ya watoto wakiteleza kwenye maji huko Dar es Salaam, naye anataka apelekwe. Mwenzake amekwenda mbali zaidi, anataja Disneyland aliyoiona kwenye katuni. Mzazi, ili apate utulivu, anajibu: "Ukifanya vizuri mtihani nitakupeleka." Mazungumzo yanaishia hapo, mpaka ripoti ya shule inapotoka na mtoto amefanya vizuri kweli.

Ahadi ni deni, na mtoto hasahau deni lake. Hapo ndipo baba na mama hukaa usiku na karatasi na kuanza kupiga hesabu ya nauli. Hesabu hiyo ni ya lazima. Hata hivyo, safari nyingi za aina hii haziharibiki kwa sababu ya pesa. Huharibika kwa sababu zilipangwa kwa kumfikiria mtoto mkubwa aliyeomba, huku mdogo wake wa miaka miwili akichukuliwa kama mzigo wa kubebwa. Mdogo huyo ndiye atakayelia ndani ya basi, atakayepata homa siku ya tatu, na ndiye atakayekuwa hatarini kuliko wote pembeni ya bwawa.

Kwa hiyo mpango mzuri huanzia kwa aliye mdogo kuliko wote. Akiweza yeye, wote wataweza.

Somo la misafara

Watu wa Tabora hawahitaji kufundishwa na wageni habari za safari ndefu. Mji huu ulikua kwa sababu ya misafara kati ya pwani na maziwa makuu, na wapagazi wa Kinyamwezi ndio walioijua njia hiyo kuliko mtu yeyote. Richard Burton na John Speke walitoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, wakafika Kazeh, yaani Tabora, tarehe 7 Novemba. Henry Stanley alitoka Bagamoyo Machi 1871 na kufika Unyanyembe mwezi Juni. Ilikuwa miezi mitatu na zaidi ya kutembea kwa miguu.

Misafara hiyo ilikuwa na utaratibu. Iliondoka alfajiri, ikatua kabla jua halijawa kali, na kituo kilichaguliwa kwa kuangalia maji. Mbele alikwenda kirangozi, aliyeijua njia na kuupa msafara mwendo wake. Kipande kilichoogopwa zaidi kiliitwa Mgunda Mkali, pori kavu kati ya Ugogo na Unyanyembe, ambako maji yalikuwa ya shida na aliyechoka hakuwa na mahali pazuri pa kupumzika.

Leo basi linalotoka Tabora kupitia Itigi na Manyoni hulikata pori hilo kwa saa chache. Lakini kwa mtoto wa miaka miwili aliyefungwa kwenye kiti, mwenye njaa na nepi iliyolowa, Mgunda Mkali bado upo. Mzazi anayepanga safari na ajiulize maswali yale yale ya kirangozi: tunaondoka saa ngapi, tunatua wapi, maji yako wapi, na mnyonge wetu ataweza kwenda mwendo gani?

Pima kimo, kisha piga simu

Bustani za michezo duniani kote hutumia kimo kuamua nani apande nini. Disneyland ya California, iliyofunguliwa mwaka 1955, ina mashine ambazo mtoto asiyefikisha sentimita 102 haruhusiwi kupanda, hata kama baba yake amelipa kiingilio na kusafiri nusu ya dunia. Sababu yake ni kwamba mkanda wa kiti umetengenezwa kwa mwili wa ukubwa fulani, na mtoto mdogo anaweza kuchomoka.

Mitelezo ya maji nayo ina hatari yake. Mtoto mwepesi hurushwa pembeni kwa urahisi, na anapofika chini huangukia maji ambayo huenda yanampita kichwa. Ndiyo maana mzazi anapaswa kujua kimo cha kila mtoto kabla hajaahidi chochote. Msimamishe mtoto ukutani bila viatu, weka alama kwa penseli, kisha pima kwa futikamba ya fundi cherehani. Mtoto wa miaka mitano anayekua vizuri huwa karibu na sentimita 110. Wa miaka miwili huwa na sentimita 87 hivi.

Baada ya hapo piga simu mahali mnapokusudia kwenda. Katika Dar es Salaam wengi huifikiria Kunduchi Wet 'n' Wild, bustani ya michezo ya maji iliyo kando ya bahari kaskazini mwa jiji, yenye mabwawa na mitelezo ya urefu tofauti. Wengine huenda Fun City ya Kigamboni. Popote mtakapochagua, uliza maswali haya na uandike majibu:

Je, ni mitelezo au mabembea gani yanayoruhusiwa kwa mtoto wa kimo hiki? Sehemu ya watoto wadogo ina maji ya kina gani? Kiingilio cha siku za kazi kinatofautianaje na cha mwisho wa wiki, na mtoto anaanza kulipa akiwa na umri gani? Chakula cha nyumbani kinaruhusiwa kuingia? Nguo gani zinaruhusiwa majini? Siku hiyo kuna sehemu yoyote iliyofungwa kwa matengenezo?

Swali la nguo huwasumbua wengi. Sehemu nyingi za kuogelea hazikubali fulana na suruali za pamba ndani ya maji. Familia inayopenda watoto wake wajisitiri inaweza kupata nguo za kuogelea zenye mikono mirefu, lakini ni vizuri kuzinunua mapema kuliko kuzitafuta getini.

Majibu yakionyesha kwamba kati ya watoto watatu ni mmoja tu atakayeruhusiwa kwenye michezo mingi, hiyo ni habari muhimu. Pengine safari ingoje mwaka mmoja au miwili. Pengine mkubwa aende na mjomba wake, na wadogo wapewe kitu kingine. Ni afadhali kulijua hilo mkiwa Isevya au Kanyenye kuliko kulijua mkiwa mmesimama getini Kunduchi na watoto wawili wanaolia.

Nauli na njia

Chukua mfano wa familia ya watu watano: baba, mama, na watoto wa miaka minane, mitano na miwili. Kutoka Tabora wana njia kadhaa.

Ya kwanza ni treni ya reli ya zamani, ile iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Ni safari ya takriban kilomita 840 hadi Dar es Salaam, ya mchana na usiku. Ina faida kubwa kwa watoto: wanaweza kusimama, kutembea kidogo, kwenda chooni na kulala wamejinyoosha kama mmepata behewa la kulala. Itigi, Manyoni na Saranda watachungulia dirishani kuwaona wachuuzi wa vyakula. Ubaya wake ni kwamba haisafiri kila siku na inaweza kuchelewa, kwa hiyo usipange kufika asubuhi na kwenda kuogelea mchana wa siku hiyo hiyo.

Ya pili ni basi hadi Dodoma, kulala hapo, kisha kupanda treni ya mwendokasi asubuhi yake. Treni hiyo ilianza kufika Dodoma Julai 2024 na hutumia chini ya saa nne hivi hadi Dar es Salaam. Ilipoanza, nauli ya treni ya kawaida kati ya Dodoma na Dar es Salaam ilikuwa Sh31,000 kwa mtu mzima. Mtoto wa miaka minne hadi 12 alilipa nusu, na wa chini ya miaka minne hakulipa. Kwa familia yetu ya mfano, wazazi wawili ni Sh62,000 na watoto wawili wakubwa ni Sh31,000, jumla Sh93,000 kwenda, na Sh186,000 kwenda na kurudi. Ongeza nauli ya basi la Tabora na Dodoma pamoja na malazi ya usiku mmoja kila upande. Hakikisha nauli ya sasa kabla ya kukata tiketi, na beba kitambulisho cha kila mtu mzima pamoja na cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki ya mtoto, kwa sababu swali la umri linaweza kuulizwa.

Ya tatu ni basi moja kwa moja hadi stendi ya Magufuli, Mbezi. Ni rahisi kupanga, lakini ndiyo ngumu kuliko zote kwa mtoto mdogo. Mnaochagua njia hii, kateni kiti cha mtoto wa miaka mitano. Kumpakata mtoto mkubwa kwa siku nzima ili kuokoa nauli humchosha mzazi na mtoto pia, na mkanda mmoja haujatengenezwa kufunga watu wawili. Ndege nayo ipo kati ya Tabora na Dar es Salaam kwa wenye uwezo, na mtoto wa chini ya miaka miwili anayepakatwa hulipa sehemu ndogo tu ya nauli.

Kwa familia nyingi njia ya pili inafaa zaidi, kwa sababu ina kituo katikati. Usiku wa Dodoma unaonekana kama gharama ya bure, lakini ndio unaomfanya mtoto afike akiwa bado ana nguvu.

Pesa ya likizo na pesa ya shule

Wazazi wa Tabora wanaotegemea tumbaku au asali wanajua kwamba pesa huja kwa msimu. Inapofika mkononi huonekana nyingi, na hapo ahadi kubwa hutolewa. Wenye mishahara nao hujikuta katika hali hiyo hiyo Desemba, wakisahau kwamba Januari inakuja na sare, madaftari, viatu na michango.

Njia salama ni kugawa bajeti katika mafungu matano kabla ya kununua chochote: nauli, malazi, chakula cha njiani, siku ya michezo yenyewe, na dharura. Fungu la dharura lisiguswe hata kama watoto wameona bembea nyingine nzuri. Humo ndimo mtapata pesa ya daktari, ya gari la kukodi usiku, au ya siku ya ziada mkikosa usafiri. Kama mafungu manne yanatimia na la tano limebaki tupu, safari haijawa tayari.

Watoto wenyewe washirikishwe. Kibubu kilichowekwa sebuleni, ambacho kila mmoja anatia sarafu yake, hakitalipa nauli ya Dar es Salaam, lakini kinamfundisha mtoto wa miaka minane kwamba safari hutengenezwa polepole. Kwa wa miaka mitano, ambaye "mwezi ujao" na "kesho kutwa" kwake ni kitu kimoja, subiri mpaka tiketi zimekatwa ndipo umwambie siku yenyewe. Mchoree vijumba kwenye karatasi, afute kimoja kila jioni.

Kufikia kwa ndugu

Hoteli ni ghali, na wengi watafikia kwa ndugu. Si aibu, ila kuna adabu zake. Mpigie mwenyeji mapema umwambie mtakuwa wangapi, mtakaa siku ngapi na mtaondoka lini. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na nyumba nyingi za Dar es Salaam zina vyumba viwili tu. Galoni la asali ya Tabora, karanga na mchango wa chakula vitawafanya mkumbukwe kwa wema. Baba au mama asiache watoto wake mikononi mwa dada wa kazi wa mwenyeji, akaenda kutembelea marafiki.

Angalia pia mwenyeji anakaa wapi. Anayekaa Gongo la Mboto au Mbagala yuko upande mwingine kabisa wa jiji na Kunduchi, na foleni ya barabarani inaweza kula nusu ya siku yenu. Kama kuna ndugu wa Tegeta, Mbezi Beach au Mwenge, omba mlale kwake usiku mmoja kabla ya siku ya michezo.

Panga siku moja ya kupumzika kati ya kufika na kwenda kwenye maji. Siku hiyo nendeni ufukweni kwa muda mfupi asubuhi. Mtoto wa miaka miwili wa Tabora, ambaye hajawahi kuona bahari, huenda akafurahia mchanga na kikombe cha plastiki kuliko mtelezo wowote. Kama mna siku zaidi, barabara inayopita karibu na Kunduchi ndiyo inayokwenda Bagamoyo. Mtoto wa darasa la tatu aliyeona nyumba ya Livingstone pale Kwihara atafurahi kusimama mahali ambapo njia ile ilianzia.

Kwenye maji, jicho moja lisilo na simu

Sasa lije jambo ambalo halina mjadala. Takwimu za Shirika la Afya Duniani zinaonyesha kwamba watoto wa mwaka mmoja hadi minne ndio wanaokufa maji kwa kiwango kikubwa kuliko umri mwingine wowote. Na mtoto anayezama hapigi kelele kama kwenye filamu. Mdomo wake uko majini, hawezi kuita, na mikono yake inasukuma maji chini badala ya kupunga. Huzama kimya kimya, mara nyingi watu wazima wakiwa mita chache tu kutoka kwake, kila mmoja akidhani mwenzake anaangalia.

Kwa hiyo kabla hamjaingia, wekeni zamu. Kila baada ya dakika 20 mtu mmoja mzima anakuwa mlinzi wa maji. Anayelinda hashiki simu, hapigi picha, hali chakula na hapigi soga. Anapomaliza humwambia mwenzake kwa maneno: "Zamu yako sasa." Mtoto wa chini ya miaka mitano awe umbali ambao mkono wa mtu mzima unamfikia wakati wote, hata kama maji yanamfika magotini tu. Waokoaji wa bustani wapo kusaidia, lakini wao wanaangalia bwawa zima, nanyi mnaangalia watoto watatu.

Maboya ya kujaza upepo yanayovaliwa mikononi ni vitu vya kuchezea. Hutoka, hutoboka, na humfanya mzazi alegee. Jaketi okozi linalomkaa mtoto vizuri ni bora zaidi, ingawa nalo halichukui nafasi ya jicho la mzazi. Pia usimpe kijana wa miaka 11 kazi ya kumlinda mdogo wake majini. Akizama, kijana huyo atabeba mzigo huo maisha yake yote, na haukuwa wake.

Wahi kufika milango inapofunguliwa, siku ya kazi ikiwezekana. Mdogo aanze kwenye maji mafupi wakati bado hakuna msongamano. Saa sita mchana wote watoke, wale, wakae kivulini, na mdogo alale. Jua la pwani huwaunguza hata watoto weusi, na kwa mtoto mwenye ualbino ni hatari kubwa: nguo za mikono mirefu, kofia pana, losheni ya kukinga jua na kivuli ni lazima, na saa za mchana abaki nje ya maji. Ifikapo saa tisa alasiri anzeni kufungasha, hata kama mkubwa analalamika. Ajali nyingi za watoto hutokea wakati wote wamechoka.

Akipotea

Mahali penye watu wengi mtoto hupotea kwa muda wa kufunga kamba ya kiatu. Asubuhi mpige kila mtoto picha akiwa na nguo za siku hiyo, ili usije ukaulizwa amevaa nini ukakosa jibu. Andika namba ya simu ya mzazi kwa kalamu ya wino mkono wake upande wa ndani, na nyingine kwenye pindo la nguo. Fulana za rangi moja inayong'aa husaidia kuhesabu watoto kwa haraka.

Mfundishe mtoto wa miaka minane jina kamili la mama na la baba, kwa sababu "Mama" halitamsaidia mtu wa kipaza sauti. Mwonyeshe wafanyakazi wa pale na sare zao, na mkubaliane mahali pa kukutania. Ukimkosa mtoto kwenye bustani ya maji, angalia kwanza majini, kisha kwingine kote. Wajulishe wafanyakazi mara moja, usione haya. Namba ya polisi ni 112, na huduma ya simu kwa mtoto ni 116, ambayo hupigwa bure.

Homa ya siku ya tatu

Hapa wazazi wa Tabora wawe makini kuliko wengine. Utafiti wa kitaifa wa afya na malaria wa mwaka 2022 uliuonyesha mkoa wa Tabora ukiongoza kwa malaria kwa watoto wa chini ya miaka mitano, kwa asilimia 23. Vimelea vya malaria hukaa mwilini wiki moja au zaidi kabla homa haijaanza. Mtoto aliyeumwa na mbu nyumbani Tabora anaweza kuondoka akiwa mzima kabisa, akaanza kuchemka akiwa Dar es Salaam.

Mtoto akiwa na homa baada ya siku ya maji na jua, wenyeji watasema ni uchovu, ni jua, ni mabadiliko ya hali ya hewa. Usikubali kubahatisha. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo apimwe, na mwambie mhudumu kwamba mmetoka Tabora. Kwa mtoto mdogo, malaria inaweza kuwa kali ndani ya saa 24. Akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege au akiwa mlegevu asiyeamka vizuri, hiyo ni dharura hata kama ni saa nane za usiku.

Wiki moja kabla ya safari, hakikisheni watoto wanalala ndani ya chandarua kila siku, na mbebe chandarua chenu mnapokwenda kwa ndugu. Kwenye mkoba wa dawa weka paracetamol ya kipimo cha mtoto, kipimajoto, pakiti za ORS, plasta, na dawa yoyote ambayo mtoto anatumia kila siku. Beba kadi ya bima kama mnayo. Maji ya kunywa yawe ya chupa au yaliyochemshwa.

Isipowezekana mwaka huu

Kuna nyumba ambazo, baada ya hesabu hizi zote, jibu ni hapana. Mwambieni mtoto ukweli kwa maneno mafupi: mwaka huu pesa haitoshi, tunaweka kidogo kidogo, na hii ndiyo alama ya ukutani inayoonyesha kimo utakachokuwa nacho tukienda. Mtoto anaweza kuvumilia hapana iliyoelezwa. Kinachomuumiza ni "tutaona" inayorudiwa kila likizo.

Kisha mpeni siku yake hapa hapa. Tembe la Livingstone la Kwihara liko karibu na mji, na hadithi yake inamtosha mtoto wa shule: Livingstone na Stanley walikaa hapo mwanzoni mwa mwaka 1872, na mwaka uliofuata akina Chuma na Susi wakapita wakibeba mwili wa Livingstone kuupeleka pwani. Bustani ya wanyama ya Tabora ina viumbe ambao mtoto wa miaka miwili atawataja mwezi mzima. Stesheni ya reli, mtoto akipelekwa treni inapoingia, ni burudani isiyohitaji kiingilio. Kwenye bwawa la Igombe na mabwawa mengine, watoto waangalie maji wakiwa wameshikwa mkono, kwa kuwa huko hakuna muokoaji.

Watoto wakienda huko na baba ambaye simu yake iko mfukoni na mama ambaye hana haraka ya kurudi, wanapata sehemu kubwa ya kile walichokuwa wakikiomba walipotaja Kunduchi.

Kwa familia itakayosafiri Juni, kazi ya wiki hii ni ndogo: wapimeni watoto ukutani, andikeni vimo vyao, na pigeni simu moja. Kazi ya wiki ijayo ni mafungu matano ya pesa. Tiketi zikatwe baada ya hapo, na watoto waambiwe mwisho.